Kurasa Chafu za Mama Pacha

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Mwalimu alisimama kwenye korido na beseni la nguo mikononi, asijue aende mbele au arudi nyuma. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa umerudishiwa tu, na kutoka ndani ilisikika sauti ya mke wa mwanawe, imejaa bashasha, akiongea kwenye simu na mtu aliyemzoea.

"Hizo kurasa chafu zimezidi," alikuwa akisema. "Za jana nimezipitia zote, moja baada ya nyingine, mpaka macho yanauma... Mume wangu? Anajua, mbona. Ananiambia tu nisijichoshe."

Upande wa pili mwanamume akacheka, kicheko kirefu cha mtu asiye na wasiwasi.

Mwalimu akaweka beseni chini taratibu lisije likagonga sakafu. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akakata uwanja kwa hatua fupi fupi za hasira, moja kwa moja hadi kwenye karakana ya mwanawe.

Mwanawe ni seremala, fundi wa milango na madirisha. Mtaani anaitwa Baba Pacha kwa sababu ya mabinti zake wawili wa miaka tisa, waliozaliwa wamepishana dakika kumi na moja na mpaka leo wanabishana kuhusu dakika hizo. Siku hiyo alikuwa akipiga randa fremu ya dirisha, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Weka hiyo randa chini," Mwalimu alisema.

"Kuna nini, Mama?"

"Mkeo anasoma nini mle ndani?"

"Anasoma zile kurasa za..."

"Usimalizie! Kumbe unajua?"

Baba Pacha alimtazama mama yake usoni, akaelewa papo hapo. Mtu mwenye huruma angemtoa wasiwasi mara moja. Yeye akajifuta vumbi polepole na kusema, "Kurasa chafu? Mbona hata mimi amenionyesha. Lakini sikuona utamu wake, Mama. Maandishi matupu, hata picha moja hazina."

Mwalimu akakaa juu ya rundo la mbao.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu huyo Mama Pacha, maana haya niliyapata kwake mwenyewe, na alikuwa akicheka huku akisimulia hadi akashika mbavu.

Mama Pacha ni fundi wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Vyumba viwili, mashine arobaini na mbili, vibodi vyake vimefutika herufi kwa kubonyezwa. Miaka sita nyuma alikuwa na kero moja. Kila mwanafunzi alipohamishia faili kubwa kwenye flashi, mashine nzima iliganda: kipanya hakisogei, saa ya kwenye kioo haiendi, hata faili jingine lisilohusika halifunguki. Wenzake walikuwa na jibu moja tu, zima uwashe. Mama Pacha hakuridhika. Alisema kuzima na kuwasha si dawa, ni ganzi. Akaanza kutafuta ugonjwa wenyewe ulipo, akachimba na kuchimba, hadi akafika kwenye kiini.

Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo unaoendesha kompyuta. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, ndicho kinachoongea na diski, ndicho kinachoamua nani atangulie na nani asubiri. Kiini cha mashine za chuo kilikuwa cha aina iliyo wazi. Kinaandikwa na watu walio mbalimbali, kila mmoja nyumbani kwake au kazini kwake, na yeyote anaweza kukisoma na kutuma sahihisho. Sahihisho wanaliita kiraka. Lakini kiraka hakishonwi mpaka watu wengine wakisome mstari kwa mstari na kutoa ushahidi kwamba kiko sawa. Wanaopenda kuandika ni wengi. Wanaopenda kusoma kazi ya mwenzao ni wachache, tena ni kazi isiyo na makofi.

Mama Pacha aligundua kwamba yeye ni wa hao wachache. Alisoma kama mtu anayechambua mchele, kwa vidole na kwa subira. Mara ya kwanza alipotuma barua pepe ya kuuliza, alijibiwa kwa mstari mmoja mkavu. Mara ya tatu akajibiwa "asante, hujakosea". Miaka sita baadaye, kila kilipokuja kiraka kinachohusu kuandika diskini, msimamizi wa sehemu hiyo, mtu wa maneno machache ambaye hawajawahi kuonana, aliuliza kwanza kama yeye amekipitia. Na aliyekuwa akicheka kwenye simu ni kijana wa mji mwingine, mwandishi wa kiraka kipya. Tumwite Mwenye Kiraka.

Na Mwalimu? Mwalimu alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na moja. Alipostaafu alihamia kwa mwanawe, na miezi minne ile ya mwanzo ilimtesa, kwani hakuwa na kitu cha kusahihisha. Alifikia mahali pa kusahihisha kwa kalamu nyekundu tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa zahanati. Muuguzi alimshukuru, lakini alimwomba asirudie.

Basi siku ile kikao kiliitishwa sebuleni. Mwalimu alikaa kwenye kiti kirefu, mikono mapajani. Baba Pacha alisimama mlangoni akijing'ata midomo. Mama Pacha akaingia na kikombe chake cha chai, hana habari.

"Mwanangu," Mwalimu alianza, "mimi nimekupenda tangu siku ya kwanza ulipoingia katika familia hii."

"Nami nakupenda, Mama. Kwani kuna msiba?"

"Zilete hapa."

"Nilete nini?"

"Hizo kurasa chafu. Zilete mbele yangu, tuzione, tuzichome, tusahau."

Mama Pacha alimtazama mama mkwe wake, akamtazama mumewe, akaona mabega yake yanavyotikisika. Chai ilimtokea puani. Alicheka hadi akapiga magoti kwenye zulia, na Baba Pacha naye akaachia, na pacha wakaja mbio kutoka uani kuuliza kuna nini. Mwalimu peke yake alibaki ameketi wima, akisubiri darasa litulie.

Lilipotulia, Mama Pacha alikwenda chumbani akarudi na karatasi kumi na moja alizochapa chuoni. Yeye husoma viraka kwenye karatasi. Anasema kioo cha kompyuta kinamharakisha. Akaziweka juu ya meza na kukaa karibu na Mwalimu.

"Hizi hapa, Mama. Sikiliza. Ukiandika kitu kwenye kompyuta ukabonyeza kuhifadhi, unadhani kinakwenda kwenye diski palepale. Hakiendi. Diski ni nzito, kwa hiyo mashine inakuambia 'tayari', halafu maandishi yako inayashikilia kwanza kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu imegawanywa vipande, na kila kipande kinaitwa ukurasa. Ukurasa uliobadilishwa lakini haujaandikwa diskini, hao wenye kazi yao wanauita mchafu. Ukishaandikwa, ni safi."

Mwalimu aliivuta karatasi ya juu, akaigeuza.

"Yaani ni kama madaftari niliyokusanya lakini sijayasahihisha."

"Hasa!"

"Ukiyalimbikiza yanakushinda. Nililimbikiza mwaka mmoja nilipougua, nilijuta."

"Ndiyo maana kiini kinaweka kikomo, Mama. Kurasa chafu zikifika idadi fulani, anayeandika anasimamishwa asubiri mpaka diski ipunguze. Sasa tatizo ni kwamba kikomo kilikuwa kimoja kwa diski zote. Flashi yenye mwendo wa kobe ikijaza kikomo chote, hata diski yenye mbio inasubiri foleni. Huyu kijana ameandika kiraka kinachoipa kila diski kikomo chake, kulingana na kasi yake."

"Amefanya vizuri."

"Amefanya vizuri sana. Wawili wameshakipitisha. Lakini mimi nikijaribu kwa flashi ya Baba Pacha, ile ya michoro ya madirisha, haifiki popote. Anayeandika anasimamishwa, na haachiwi tena. Hii ni siku ya tatu natafuta. Nafikiri ni kufuli, watu wawili wanasubiriana."

Mwalimu alinyoosha mkono. "Nipe kalamu yangu nyekundu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Pacha mmoja alikwenda kuileta.

Usidhani Mwalimu alielewa ule msimbo, yale maandishi ya kuiamuru kompyuta. Alirukaruka mistari mingi akisema "hii siijui, hii siijui". Lakini alama za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya ni zilezile popote zilipo, na kwenye ukurasa wa saba kalamu ilisimama.

"Hapa anafanya nini?"

"Hapo anatafuta asilimia ya kila diski. Anachukua kasi ya diski, anazidisha kwa mia, anagawanya kwa jumla ya kasi za diski zote. Chini hapa anachukua ile asilimia anaizidisha kwa kikomo kikubwa cha zote, apate mgao."

"Nipe mfano. Usiniambie kwa maneno."

"Haya. Flashi kasi yake nne. Jumla ya zote mia tano."

"Nne mara mia, mia nne. Gawanya kwa mia tano. Sifuri nukta nane." Mwalimu aliinua macho. "Nukta nane ameiandika wapi?"

"Kiini hakitunzi nukta, Mama. Kinashika namba nzima tu, iliyobaki..."

Mama Pacha hakumaliza. Aliishika meza.

"Inatupwa," Mwalimu alimalizia. "Basi huyu flashi amepewa sifuri. Na sifuri mara kikomo, hata kikomo kiwe kikubwa kama nyumba, ni sifuri. Mtoto wa darasa la nne anajua. Umemwambia asubiri mpaka madaftari yapungue chini ya sifuri. Atasubiri mpaka lini?"

Mama Pacha alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. Halikuwa kufuli. Siku tatu alikuwa akikagua milango wakati ukuta ndio wenye tundu. Wale wawili waliokipitisha walikuwa na diski za mbio, zenye asilimia tisini na kitu, na kwao ile nukta iliyotupwa haikuonekana kabisa.

"Huyu kijana amegawanya mapema," Mwalimu aliendelea, sasa yuko darasani hasa. "Nimewaambia watoto miaka yote: zidisha kwanza, gawanya mwishoni. Kikomo kikubwa ni ngapi?"

"Tuseme kurasa laki mbili."

"Laki mbili mara nne, laki nane. Gawanya kwa mia tano." Aliandika pembeni ya karatasi, akapiga mstari chini mara mbili. "Elfu moja na mia sita. Flashi yako ina haki ya kurasa elfu moja na mia sita, na mmemnyang'anya zote."

Mama Pacha alimbusu shavuni, akakimbilia chumbani. Akabadilisha ule mstari, akakijenga kiini upya, akachomeka flashi, akahamisha michoro yote ya madirisha na milango. Ilikwenda polepole, kama inavyostahili flashi ya kobe, lakini ilikwenda. Kipanya kilitembea, saa ikaenda. Pacha walipewa ruhusa ya kufungua mchezo wao wakati michoro ikihama, na mchezo haukukwama hata mara moja. Kabla ya saa nane mchana barua ilikuwa imeshatumwa.

Jibu lilikuja Jumatatu, akiwa chuoni. Mwenye Kiraka alishukuru mno, akakiri aibu yake kwa aya nzima, halafu akamalizia kwa adabu: "Ila dada, ukizidisha kwanza, vipi zile mashine za zamani?"

Mama Pacha aliisoma mara moja tu, uso ukamwaka. Mashine za zamani haziwezi kushika namba inayozidi bilioni nne na ushei. Ikizidi, inaanza upya kutoka sifuri, kama mita ya kilomita kwenye gari kuukuu. Kasi halisi ya diski ya mbio inaweza kuwa kurasa elfu thelathini kwa sekunde. Zidisha kwa laki mbili, unapata bilioni sita. Kwa hiyo sahihisho lake lingemwokoa kobe na kumtia kitanzi farasi. Na chumba cha pili cha chuo, chumba chake mwenyewe, kilikuwa na mashine tisa za aina hiyo. Alisahau. Yeye wa kusahau hilo!

Angeweza kununa. Badala yake alicheka peke yake mbele ya wanafunzi, wakamwona kituko. Baadaye aliniambia kwamba hakuna raha kama kusahihishwa na mtu uliyetoka kumsahihisha. Unajua kazi iko kwenye mikono salama.

Jioni, nyumbani, Mwalimu ndiye aliyekuja juu.

"Zidisha kwanza ni makosa? Nani kasema?"

"Si makosa, Mama. Ni kwamba mashine hizo nafasi yao ya kuandikia namba ni finyu."

"Huyo kijana nipigie simu."

Wakampigia, sauti ikawekwa wazi mezani, sufuria ya maharage ikichemka pembeni. Mwenye Kiraka alipoambiwa anaongea na mwalimu wa hesabu, alisema "shikamoo" mara mbili. Yeye na Mama Pacha wakavutana kwa raha, huyu akisema hivi, yule akipinga, mpaka wakakubaliana: ile hesabu moja tu ifanywe kwenye nafasi pana, ya namba kubwa, hata katika mashine za zamani. Itachukua muda zaidi kidogo, lakini ni hesabu moja.

"Na kama diski ni ya kobe kuliko kobe?" Mwalimu aliuliza. "Mgao wake si utarudi sifuri?"

Mama Pacha akapiga hesabu haraka pembeni ya karatasi: kweli, sifuri.

"Mimi," Mwalimu alisema, "hata mtoto aliyeandika jina tu kwenye mtihani nilimpa alama moja. Ukimpa sifuri anakata tamaa, harudi tena. Mwekeeni kiwango cha chini. Yeyote aliyechomekwa apate angalau kitu."

"Mama Mwalimu," Mwenye Kiraka alisema taratibu, "naomba nikuulize, umri wako unakuruhusu kuajiriwa?"

Mwalimu alicheka. Ndiyo mara ya kwanza, Baba Pacha anasema, kumsikia mama yake akicheka hivyo tangu astaafu.

Kiraka kiliandikwa upya mara ya nne. Mama Pacha alikipeleka chuoni, akakijaribu kwenye mashine tisa kuukuu zote, kwa flashi, kwa diski za mbio, kwa vyote kwa pamoja, siku mbili mfululizo, na wanafunzi wakipeana zamu ya kukaa mbele ya kioo kuangalia kama kipanya kitaganda. Hakikuganda. Alhamisi alituma ushahidi wake, na chini yake, kama desturi ya kazi hiyo inavyotaka, akaandika nani aligundua kosa: Mwalimu.

Msimamizi alijibu baada ya saa moja. "Kiraka ni kizuri. Jina la utani halikubaliki. Jina kamili tafadhali."

Mama Pacha alirudi nyumbani na ujumbe huo. Mwalimu alikwenda chumbani kwake, akafungua sanduku, akatoka na cheti chake cha ualimu. Akamsimamia Mama Pacha begani huku akiandika, majina yote matatu kama yalivyo kwenye cheti, na akamrudisha kwenye herufi moja aliyoikosea.

Ijumaa asubuhi kiraka kikapokelewa. Ujumbe wa msimamizi ulikuwa neno moja, "Nimekipokea", na kwa mtu yule hilo ni sawa na hotuba. Baba Pacha alifunga karakana siku nzima, jambo asilolifanya hata akiwa na homa. Pacha walitembea mtaa mzima wakitangaza kwamba bibi yao sasa yumo ndani ya kompyuta, na jirani mmoja akaja mbio kuuliza kama amejeruhiwa. Mwalimu alitaka uchapishwe ule ukurasa wenye jina lake, aubandike sebuleni juu ya kabati. Uko pale mpaka leo, nimeusoma mwenyewe.

Wiki iliyofuata ikaja barua nyingine ya msimamizi, ndefu kuliko zote alizowahi kumwandikia Mama Pacha: mistari mitatu. Alisema amechoka kubeba sehemu hiyo peke yake, na kwamba kwa miaka sita hajaona jicho kama lake. Je, angekubali kuwa msimamizi mwenza, ili viraka vya kuandika diskini visiingie bila neno lake?

Aliipata barua hiyo asubuhi, viatu vimeshavaliwa, mkoba begani. Alimsomea mumewe mlangoni. Baba Pacha alimnyanyua juu juu, mkoba na vyote, hata vumbi la mbao likahamia kwenye blauzi safi. Mama Pacha alijibu kwa simu palepale, amesimama, kwa maneno matatu: "Nimekubali, asante sana." Kisha akajikung'uta na kuondoka, maana darasa lilikuwa linamngoja.

Mwalimu alimsindikiza hadi kwenye kona, kama alivyokuwa ameanza kufanya siku hizo.

"Hicho kiini chenu," Mwalimu aliuliza, "kina mistari mingapi kwa jumla?"

"Mamilioni, Mama. Mtu hawezi kuisoma yote hata aishi mara mbili."

Mwalimu alifikiria.

"Basi tukaze mwendo," alisema, akamshika mkono wakavuka barabara.